Saa Saba ya Paka

Nilifundisha watoto kusoma saa kwa miaka ishirini na sita, hapa hapa Mtwara. Uso wa saa niliukata kwenye boksi la sabuni, mishale nikaikaza katikati kwa msumari, na kila mwaka niliwaambia wadogo wale jambo lile lile: mshale mfupi ukiwa kwenye moja, sisi tunasema saa saba. Wengine walishika upesi, wengine walilia. Mimi sikuwahi kukosea. Nalitaja hilo mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla hajasikia yote.

Paka alikuwa wa mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi. Alipata kazi Ujerumani akaondoka na mtoto akiwa na miaka mitano. Mtoto huyo alikulia kwangu Ufukoni, na tangu aanze kutambaa alilala na yule paka miguuni. Siku ya safari alikataa kuingia kwenye gari. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye mchanga, akamkumbatia mnyama wake, akasema yeye anabaki. Nikachuchumaa nikamwambia paka atamfuata. Nilimwambia kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwaambia watoto wa shule kwamba sindano haiumi. Akaniamini, akapanda gari.

Binti yangu alinitumia masharti kwa simu. Kwanza paka awekewe chipu chini ya ngozi ya shingo, kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye namba. Kisha, chipu ikishaingia na si kabla, apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kwa paka. Nilicheka peke yangu. Zipite siku thelathini, atolewe damu, ipelekwe maabara ya nje ya nchi ionekane kama chanjo imeshika. Ikiwa imeshika, angoje miezi mitatu mingine. Niliyasoma mara tatu na miwani yangu. Hapakuwa na sharti hata moja lililomtaja mtoto.

Jirani yangu, mama ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, alinisikiliza huku akimenya muhogo.

"Mwalimu, sisi tulivuka na kuku, na mbuzi, na mbwa wawili," akasema. "Hakuna aliyetuuliza kitu. Wale mbwa waliogelea wenyewe."

"Huko si Ruvuma, mama."

"Maji ni maji," akasema, akaendelea na muhogo wake.

Daktari wa mifugo niliyempata alikuwa mtu mwema, aliyezoea ng'ombe na kuku wenye kideri. Chipu aliiagiza Dar es Salaam. Ilipofika alikuja nyumbani saa tano asubuhi, akamwingizia paka, akapitisha mashine yake shingoni, namba ikasomeka. Akaandika kwenye kijitabu kwa saa za kiofisi: 11:00. Kwenye nafasi ya jina la mnyama tuliandika Paka, kwa sababu mjukuu wangu hakuwahi kumwita vingine. Ndipo daktari akagundua kwamba chanjo ameiacha kwenye friji, ofisini kwake Chikongola. Akaifuata.

Aliporudi ilikuwa saa saba mchana. Paka alikuwa ameshajifunza, akamng'ata kidole gumba. Daktari alimbana kwa mikono miwili, akadunga, damu yake mwenyewe ikimchuruzika.

"Mwalimu, nisaidie kuandika hapo," akasema. "Tarehe ya leo, saa saba."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anasema. Niliweka tarehe, kisha 7:00. Alipofunga kidole chake akasaini, akapiga muhuri, na wote wawili tukafurahi.

Siku thelathini zikapita, damu ikatolewa, majibu yakarudi mazuri. Miezi mitatu nayo ikapita. Kila Jumapili mtoto aliuliza Paka anakuja lini, nami nilimpa hesabu: wiki tisa, wiki nane, wiki saba. Tulinunua kizimba cha safari. Binti yangu aliniambia kwamba mtoto analala amejikunja, ili miguuni pabaki nafasi.

Zikiwa zimesalia siku sita, kampuni ya kusafirisha wanyama ikatuletea jibu la waliokagua karatasi kule. Chanjo ilitolewa saa moja asubuhi, chipu ikaingia saa tano. Kwa hiyo mnyama aliyechanjwa hakuwa na utambulisho. Chanjo haitambuliki, damu haitambuliki, aanze upya.

Nilisoma nimesimama jikoni, kisha nikaketi kwenye ndoo. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini kinyozi huyu alijikata koo. Saa saba yangu, saa niliyoifundisha kwa boksi la sabuni, wao waliisoma jinsi ilivyoandikwa, na walikuwa na haki.

Nilichokifanya baada ya hapo nakiandika kwa aibu. Daktari alikuwa tayari kuandika barua ya maelezo, na huenda ingekubaliwa. Sikumngoja. Nilikuwa na hasira na watu wasiojua kwamba saa saba ni jua la utosini. Nikachukua kalamu, nikaigeuza ile saba kuwa 13:00, nikapiga picha, nikatuma. Niliona nasahihisha, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wao waliona kijitabu kimeghushiwa, na hapo hata barua ya daktari haikusaidia tena.

Tukaanza upya. Kijitabu kipya, chanjo mpya, saa zote akaziandika daktari mwenyewe. Safari hii nilimfungia paka ndani, kwa hofu kwamba atapotea au ataumwa na kitu kabla ya siku yake. Alikaa dirishani akilia, na mimi nikimwambia avumilie. Panya wa mtaa mzima wakapata uhuru. Wakaingia kwa jirani, kwenye chumba alichohifadhi korosho zake, wakatoboa magunia. Jirani akafanya ambalo angefanya yeyote: akanunua sumu. Hakuniambia, maana alijua paka wangu hatoki.

Asubuhi moja nilifungua mlango niingize ndoo ya maji, akanipita miguuni. Alirudi baada ya saa moja na panya mdomoni, amechangamka kama zamani, akamlia chini ya meza. Nilifurahi kumwona amerudi. Kufikia adhuhuri alikuwa anatetemeka, na kabla daktari hajafika alikuwa amekufa. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Jirani alilia kuliko mimi. "Mwalimu, nisamehe," akasema, "mimi nilitega panya." Sikuwa na cha kumsamehe. Tulimzika pamoja chini ya mpapai. Chipu bado iko naye mle udongoni, na kijitabu chake kipya hakina kosa hata moja. Nimekiweka kabatini. Sijui nakitunzia nini.

Jumapili iliyofuata nilikaa na simu mapajani, nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Mtoto akaja kwenye simu, ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo.

"Shikamoo bibi. Huko saa ngapi?"

"Marahaba. Saa kumi, mama."

"Kumi yenu au kumi yetu?"

Miaka ishirini na sita nimefundisha saa, na swali hilo sikuwahi kumfundisha mtoto yeyote wala kujiuliza mwenyewe. Lingeulizwa siku ile ya chanjo, mezani kwangu, paka angekuwa miguuni pake. Na yenu ilikuwa ni ya kwangu. Yetu ilikuwa ya kule.

"Yetu," nikamwambia. "Ya huku."

"Sawa. Na Paka ameshakula?"



"Amekula," nikasema.