Ngumi ya Mama Rispa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha mzee mmoja mwenye saratani ya koo, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Kisumu, nimemshika mkono kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Matroni akatokea mlangoni, kofia yake imenyooka kama rula.

"Nesi, hicho kitanda ni cha mgonjwa," aliniambia. "Wewe kazi yako iko kwenye chati. Maumivu ni yake, chati ni yako."

Nilisimama haraka. Kwenye chati, ile karatasi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda, daktari alikuwa ameandika kwamba dawa ya maumivu apewe akiomba. Ndivyo tulivyofanya kazi zama hizo: mgonjwa aumie, aite, ndipo nesi aende kabatini. Yule mzee hakuomba hata mara moja. Angeombaje, na mimi nilikuwa msichana wa rika la mjukuu wake? Niliandika "Ametulia" siku nne mfululizo. Siku ya tano kitanda kilikuwa kitupu na shuka zimebadilishwa. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini huyo mzee bado ananisumbua, na nimemtaja mapema ili mjue kwamba somo hili nilipewa mara mbili.

Kutoka hapo nilipelekwa zahanati moja ya ufuoni, upande wa Dunga. Huko nilizalisha, nilishona mikono iliyokatwa na nyavu, nilipima malaria mpaka nikaanza kuiota. Afisa wa kliniki aliyekuwa mkuu wangu alipenda kusema kwamba nesi wa zahanati ni daktari asiye na kofia. Nilikaa miaka mingi na nilinenepa kwa samaki wa bure. Kisha nikarudishwa mjini kwa kozi ya tiba shufaa.

Tiba shufaa ni utunzaji wa mtu ambaye ugonjwa wake hauponi. Humponyi, lakini humwachi. Unamtuliza maumivu, unamsaidia kula, unaongea na watu wake, unamsikiliza. Wenzangu wa wodi nyingine walikiita kitengo chetu "idara ya kwaheri", na nikiwapita kwenye korido walinipungia mkono. Niliwapungia pia. Ukitaniwa Kisumu na ukanuna, utanuna mpaka upate pensheni.

Dawa yetu kubwa ilikuwa mofini ya maji. Mfamasia Mkuu aliichanganya mwenyewe kutoka kwenye unga, akatia rangi ili nguvu zake zisichanganywe, akaifungia kabatini kwa kufuli mbili. Alikuwa mtu mwoga sana. "Sista, hii kitu ikipungua tone moja, mimi ndio naenda ndani, si wewe," aliniambia kila nilipotia sahihi. Tulimfundisha mgonjwa anywe kila baada ya saa nne, ya kulalia iwe maradufu ili asikatizwe usingizi, na asikose kamwe dawa ya kulainisha choo. Yeyote anayetoa mofini akasahau choo, ajiandae kulaaniwa.

Kipimo kilikuwa ni mkono wa mgonjwa mwenyewe. Ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vitano, maumivu yasiyovumilika. Hakuhitaji kusoma wala kujua Kiingereza. Nilikipenda kipimo hicho kwa sababu niliamini mkono hauwezi kudanganya.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu kitengo kilipata mkuu mpya, daktari kijana mwenye maswali mengi. Watafiti wa tiba shufaa, alitueleza, wameanza kuwauliza wagonjwa wenyewe wanataka nini badala ya kutuuliza sisi. Akaanzisha utafiti mdogo wa hapo kwetu. Alitaka kujua kama mofini tunayompa mtu nyumbani inayafikia maumivu yake au inafika kwenye fomu tu. Kila wiki tuliwazungukia wagonjwa, tukajaza fomu ileile. Kwenye orodha yangu alikuwamo Mama Rispa wa Katito.

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Nyumbani kwake ni Nyakach, nje kidogo ya soko la Katito, lakini binti yake Atieno alikuwa amemleta Obunga, mtaa wa hapa mjini Kisumu, awe karibu na kliniki. Atieno na mumewe, Ouma, walikaa chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Ouma alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu mama mkwe wake aingie, yeye alihamia kulala karakana kwa heshima. Lakini kila Jumanne, siku yangu ya kuwazungukia, aliacha kazi akaja, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, macho chini, asikilize maagizo ya dawa asije Atieno akasahau.

Nilimsifu sana. Kwenye fomu niliandika, "Familia inashirikiana vizuri."

"Mama, maumivu iko wapi leo?" nilimuuliza Mama Rispa kila wiki.

"Mimi sina shida, Sista," alijibu, akaniinulia ngumi.

Wiki ya kwanza ngumi, ya pili ngumi, ya tatu ngumi. Dozi ikabaki palepale, ndogo ya kuanzia. Nilirudi ofisini nikamwambia Daktari kwamba huyu mama anaendelea vyema kuliko wote. Daktari akafurahi. Mimi pia nilifurahi, na leo nikikumbuka furaha hiyo naona aibu.

Jumanne ya nne Ouma hakuwepo. Alikuwa amekwama kwa mteja akimfungia geti, na Atieno alikuwa nje akifua. Nikauliza swali langu. Mama Rispa alitazama mlango, kisha stuli. Akaniinulia vidole vitano. Halafu akainua na mkono wa pili.

"Hii mikono yangu haitoshi," alisema. "Kama uko na vidole zingine, niongeze zako."

Nilidhani anatania, maana mdomo wake ulikuwa mcheshi. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaketi kitandani. Matroni na anisamehe.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nikuambie mbele ya Ouma? Mimi ni maro wake."

Maro ni mama mkwe. Mimi ni Mjaluo, nimezaliwa Seme, hakuna aliyehitaji kunieleza. Maro hali wala halali kwa mume wa binti yake. Maro hapigi kelele ya uchungu mbele yake. Na zaidi ya yote, maro hafii kwake, kwani hilo ni jambo zito ambalo familia mbili zitalibeba kwa miaka. Nilijua hayo yote tangu utotoni, lakini kila nilipovaa sare niliyaacha getini kama mwavuli.

"Nikisema naumia, nitalia," aliendelea polepole. "Nikilia, Ouma atajua naenda. Na mimi siwezi kuenda nikiwa hapa, nyathina. Nakaza tu, nangoja nipate njia ya kufika kwangu. Lakini nguvu ya kukaza inaisha."

Nyathina ni "mtoto wangu". Nilikuwa na miaka michache tu kabla ya kustaafu na aliniita mtoto, na kweli nilijiona mtoto. Hapo ndipo nilipokumbuka ile ngumi yake ya kila wiki. Ngumi ya mtu asiyeumwa huwa legevu. Yake ilikuwa imekazwa mpaka viungo vikawa vyeupe, na mimi niliitazama wiki tatu nikaandika sufuri.

Nilimpigia Daktari simu palepale, akaniruhusu kuongeza dozi. Nilimpimia mwenyewe, nikakaa naye mpaka mabega yakashuka. Baadaye mchana nilirudi kitengoni kueleza kwamba anataka kwenda Katito.

"Huko nani atafuatilia dozi?" Daktari aliuliza. "Na tutampoteza kwenye utafiti."

"Tumempoteza tayari, Daktari," nilisema. "Sufuri zote tatu ni uongo. Si wa kwake, ni wangu."

Alivuta fomu za orodha yangu nzima, akaanza kuzisoma upya. Mwishowe akasema, "Panga safari. Nitaongea na mfamasia." Mfamasia Mkuu alitoa chupa za kutosha huku akizitazama kama watoto wanaopelekwa bweni.

Kilichobaki ni Ouma, na ndicho nilichokiogopa. Nilimfuata karakana. Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea. Nikamwambia kwamba Mama anaumwa sana, na kwamba angependa kwenda kwake.

Ouma aliketi juu ya mlango wa chuma ambao hakuwa ameumaliza. "Sista, mimi nimeona," alisema. "Naona vile anakaza. Lakini mimi nitamwambiaje maro aende? Watu watasema Ouma amemfukuza mama ya bibi yake akiwa mgonjwa. Hata Atieno atasema hivyo. Nimekuwa nangoja mtu aseme."

Kumbe wote wawili walikuwa wakingojana. Yeye alinyamaza kwa heshima, mama alinyamaza kwa heshima, na mimi katikati nikajaza fomu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema ufanyeje ukiwa unayaficha kwa adabu. Nilimwambia Ouma kwamba watu wakiuliza, aseme ni agizo la hospitali. Alicheka kidogo, akapangusa macho kwa mkono wenye masizi, akabaki na mstari mweusi usoni.

Jumamosi aliazima pikapu ya mwenzake, akaweka godoro nyuma, akaendesha polepole mpaka Katito bila kumtazama maro wake kwenye kioo. Mimi na Atieno tulikaa nyuma na mgonjwa. Tulipokata kona ya kuingia kwake, Mama Rispa aliomba tumwinue aone paa la nyumba. Aliliona, akapumua pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu Obunga.

Nilikuja kumwona baada ya siku kumi, nikihofia nitakayoyakuta. Nilimkuta ameketi mlangoni akimkaripia mtu juu ya mbuzi. Atieno alikuwa na daftari la saa za dawa, limejazwa safi. Nikamuuliza Mama swali langu.

"Kidole moja," alisema, akakiinua. "Na hii moja ni ya mbuzi."

Niliondoka pale mwepesi, nikaimba njiani peke yangu, mimi ambaye kwaya ya kanisa ilinikataa. Aliishi mpaka mahindi yaliyokuwa magotini siku tulipomleta yakavunwa. Alifia nyumbani kwake, amelala, Atieno kando yake. Kwenye mazishi Ouma alilia wazi mbele ya wote, na hakuna aliyemzuia.

Daktari aliongeza mstari kwenye fomu, juu kabisa, kabla ya swali la maumivu: "Nani yumo chumbani?" Sikupewa kikombe wala cheti kwa hilo. Siku ya kuniaga walinipa blanketi na keki, nikashukuru.

Sasa nimestaafu, na goti langu la kushoto halikubali. Mwezi uliopita mume wa binti yangu alinipeleka kliniki kwa gari lake, akaniingiza ndani, akasimama nyuma ya kiti changu kwa adabu. Nesi alikuwa binti mdogo nisiyemfahamu. Akaniuliza maumivu ni kiasi gani. Bila kufikiri nikamwinulia ngumi.

Aliitazama ile ngumi. Kisha akamtazama mkwe wangu, akamwambia, "Baba, naomba utupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa, nikafungua vidole vitatu.