Sare za Miaka Minne

Mtaani walimwita Bwana Pindo. Kila nguo aliyoishona fundi huyu aliiachia pindo refu kwa ndani, na wenye maneno yao walisema ukilifumua gauni lake unapata kitambaa cha gauni la pili. Yeye hakujali. "Watoto wanakua," alikuwa akisema, "nguo haikui."

Bintiye alipofariki, akaachiwa wajukuu wawili wa kike, mmoja wa miaka tisa, mwingine sita. Hakuomba ushauri wa mtu. Alisogeza cherehani ukutani, akatandika godoro palipokuwa na meza ya kukatia. Ulezi alioumaliza zamani akauanza upya, safari hii na magoti mabovu. Wala si hilo lililomkosesha usingizi. Daktari wa macho alikuwa amemwambia bila kupindapinda kwamba mwaka hautakwisha kabla hajapofuka, na dawa hakuna.

Basi akaamua kuziwahi sare za shule: za mwaka huu na za miaka mitatu ijayo, kwa wote wawili. Vipimo vya miili ambayo haijakua angevitoa wapi? Alikuwa na daftari lake la kazi, na humo bintiye aliandikwa mwaka hadi mwaka tangu alipoanza shule: bega, kiuno, urefu. Akawashonea wajukuu kwa mwili wa mama yao. Mkewe alimtungia uzi kwenye sindano.

"Mzee, pumzika kidogo."

"Nitapumzika sana, usijali."

Gauni la nane lilipokwisha, akamwita mjukuu mkubwa ajaribu la kwake la mwaka huu. Mtoto akavaa. Bibi yake akaziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa ndani nje, na kola imekwenda upande. Bibi akamkonyeza mtoto.

"Limenikaa vizuri, babu."

"Geuka nikuone."

Akageuka. "Zuri sana. Wala halibani."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo wa miaka tisa ni fupi zaidi. Mzee aliisikia sauti ikitetemeka, akanyoosha mkono. Vidole vilipita begani, vikashuka kwenye mshono, vikasimama. Yale saba yaliyokuwa kabatini aliyashona kwa macho hayo hayo. Akaona aibu, kisha hofu ikamshika, maana cherehani ile ndiyo iliyowalisha wote wanne.

"Vua, mama. Wenzako watakucheka."

"Wacha wacheke. Mimi nitalivaa tu."

"Nimesema vua."

Mtoto alivua huku analia, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa. Mzee akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkewe.

"Tukiondoka sisi," akauliza, "nani atawavisha hawa?"

Mkewe alitafuta jina la mtu wa kumtaja, hata mmoja, akalikosa.