Kipimo cha Marudan

Ukitaka kumwudhi Marudachalam, mwambie tu kwamba siku hizi silinda zinachongwa kwa kompyuta na mkono wa fundi hauna kazi tena. Ataweka chini bilauri yake ya kahawa, atafuta masharubu, halafu hotuba itaanza. Ikiisha atakuvuta mpaka kwenye mashine yake ya kupanua silinda, iliyosimama palepale mtaa wa Ganapathi tangu enzi za baba yake. Atachonga silinda ya mopedi ya muuza maziwa, atapaka pistoni mpya oili, ataitumbukiza na kuiachia. Pistoni itashuka taratibu kwa uzito wake, bila kukwama na bila kukimbia.

"Kompyuta yako inajua hivyo?" atakuuliza. Ukiwa na akili, hapo unanyamaza.

Ni mtu wa majivuno, hilo hata mkewe halikatai. Ila ubaya wa Marudan, kama tunavyomwita, ni kwamba anajivuna kwa haki. Koimbatore ni mji wa pampu, nyuzi na karakana, mafundi wamejaa kila kichochoro, na wengi wao wakishindwa silinda wanaifunga kwenye gazeti na kumletea yeye kimyakimya.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkaa kooni. Miaka kumi na tisa nyuma alimwandalia tajiri mmoja wa kiwanda cha nyuzi pikipiki ya mashindano, ile aina ya injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli, silinda moja, nyepesi, yenye kelele za kutoboa masikio. Aliyeipanda alikuwa Velusami, rafiki yake tangu ujana, ambaye miezi minne kabla alikuwa amemwoa Pungodi, mdogo wake Marudan. Mzunguko wa tatu, katikati ya kona, injini ikanoki, pistoni ikakwama ghafla ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma likajifunga, Velusami akarushwa, nyonga ikavunjika vipande vipande. Hakushindana tena. Mpaka leo mguu wa kushoto anauburuta.

Tajiri hakutaka hata kuiona pikipiki ile. Ikaondolewa uwanjani siku hiyohiyo, ikauzwa kusikojulikana, na Marudan hakupata nafasi ya kuifungua. Mji nao haukungoja ushahidi. Ikasemwa kwamba Marudan kabana silinda: kaacha nafasi ndogo mno kati ya pistoni na ukuta, chuma kimepata moto, kimevimba, kimeng'ang'ana. Vijana wa gereji wakambandika jina la Mkabaji.

"Kipimo changu kilikuwa sawa," alisema hospitalini. Akalisema harusini, akalisema msibani, akalisema kwa kinyozi huku nusu ya kidevu ina povu. Watu walitikisa vichwa kwa heshima na kugeuza mazungumzo.

Jina la Mkabaji aliweza kulimeza. Lililomchoma ni Velusami. Kwetu shemeji ni mtu wa kutukanana naye kwa raha, na wale wawili zamani walikuwa wakiitana punda na ngedere mbele ya wazee. Tangu ajali, kila Marudan akienda kumjulia hali dada yake, Velusami alimpokea kwa adabu zote, "karibuni, kaeni, mmeshakula?", kana kwamba amekuja afisa wa kodi. Kisha anainamisha macho sakafuni na kubaki hivyo mpaka mgeni aage. Marudan alitoka pale kila mara amevimba. Angetukanwa, angerudi nyumbani amefurahi.

Basi mwezi wa pili mwaka jana alikwenda Ukkadam kwa Kaja Moidin, muuza vyuma chakavu, kutafuta kasha la pampu. Nyuma ya rundo la mabomba akaona kuku wamelala juu ya kitu. Akawafukuza. Lilikuwa tangi, tena limetoboka, na chini yake kulikuwa na fremu aliyoichomelea kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga magoti kwenye mavi ya kuku. Injini ilikuwa bado imefungwa, na kwenye boliti za kichwa cha silinda zilikuwepo alama za rangi ya kijani alizoziweka asubuhi ya mashindano. Hakuna aliyeigusa.

"Hiyo haitembei, kaka," Kaja Moidin alimwambia. "Kiki haishuki hata uipande na familia nzima."

"Sijaitaka itembee. Nimeitaka iseme."

"Umri unakupeleka vibaya," Kaja Moidin alisema, akakubali kupewa pampu moja nzima iliyofufuliwa badala ya pikipiki.

Fundi mwingine angeipiga nyundo silinda ile siku ya kwanza. Marudan aliilaza, akamimina dizeli na mafuta ya taa kwenye tundu la plagi, akangoja. Siku ya nane akaongeza. Siku ya kumi na moja aliweka kipande cha mti juu ya pistoni, akagonga kidogo, na ikasogea kama upana wa ukucha. Ilipotoka yote aliipeleka mlangoni penye mwanga, akavaa miwani.

Pistoni iliyobanwa na silinda huumia pande nne, kila fundi anajua. Hii ilikuwa safi pande tatu. Mikwaruzo yote, mirefu na minene, ilikuwa upande mmoja tu, upande wa kabureta, pale hewa na petroli zinapoingilia. Ilikuwa imekula uchafu. Marudan alicheka peke yake karakanani kwa sauti, mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia.

Akaendelea kufungua. Chini kwenye nyumba ya krenki, na kwenye mpira unaoshika kabureta, alikuta tope gumu la kijivu lenye wekundu ndani. Akalipaka kidoleni. Mchanga wa barabarani hauna rangi hiyo. Akalinusa, na nyuma ya oili iliyooza akapata harufu anayoijua tangu utotoni, maana hujipaka kipajini kila asubuhi: majivu matakatifu ya hekalu la kilimani Marudamalai, yamechanganywa na unga mwekundu wa ibada.

Kicheko kikamwishia.

Kila chombo kwetu kinabarikiwa, iwe basi au cherehani. Gari hupakwa majivu usoni, juu ya taa, na hakuna linalodhurika. Lakini pikipiki ya mashindano haina taa, haina uso. Ina kitu kimoja tu kinachofanana na kiungo cha mtu, nao ni mdomo wa kabureta, mpana, wa kung'aa, ulioachwa wazi bila chujio ili injini ivute hewa ya kutosha. Mtu asiyejua injini angeona kinywa. Na asubuhi ile ya mashindano, Marudan alipokwenda kuchanganya oili na petroli, mtu pekee aliyekuja uwanjani na sinia la ibada alikuwa Pungodi.

Alikaa juu ya kreti mpaka kahawa yake ikapoa. Dada yake, kwa mapenzi, alikuwa amemlisha mumewe ajali. Marudan hakupenda kulijua hilo, lakini hakuwa mtu wa kuacha haki yake ioze. Akajiambia atamwonyesha Velusami peke yake, wanaume wawili, na yatakwisha. Alitaka arudishiwe mambo mawili tu: jina lake na rafiki yake.

Ila kwanza injini lazima iwake, kwa sababu maneno bila injini ni maneno ya kinyozi. Ilimchukua miezi saba. Alibadilisha beringi na sili za krenki, akakata kutu yote ya ekzosi na kuunda upya tumbo lake la bati, kipande kwa kipande, akaziba tangi. Akapanua silinda kwa pistoni mpya na kuacha nafasi ileile, hesabu ileile ya miaka kumi na tisa nyuma, bila kuongeza hata unywele. Hilo alilifanya kwa makusudi na kwa jeuri.

Jumapili moja ya mazoezi akaipeleka uwanjani. Mtu wa miaka hamsini na saba, kilo tisini, ndani ya nguo za ngozi za kuazima ambazo zipu yake iligoma kifuani. Wapandaji vijana walimtazama wakiuma midomo. Akaisukuma, akaachia klachi, ikanguruma, moshi wa buluu ukawafunika wote na vicheko vyao. Alizunguka mara kumi. Kwenye kona ile ya ajali hakupunguza. Aliporudi alishika silinda kwa kiganja, akaisikiliza ikipoa, na akawaambia vijana wale, ambao hawakuwa wamemuuliza, "Kipimo changu kilikuwa sawa."

Kesho yake asubuhi alipakia pikipiki kwenye gari dogo la matairi matatu, akaenda mpaka shambani kwa Velusami, kwenye minazi yake njia ya Pollachi. Pungodi alikuwa amekwenda kwa jirani. Velusami alikuwa amekaa barazani akifua nazi. Alipoiona pikipiki ikishushwa, nazi ikamtoka mkononi.

"Karibuni," alisema. "Kaeni. Mmeshakula?"

"Sijaja kula." Marudan alikunjua kitambaa, akaweka pistoni ya zamani mbele yake, na karatasi yenye lile tope. "Tazama. Silinda ikibana, pistoni inaumia pande nne. Hii imeumia upande mmoja. Imekula uchafu, na uchafu wenyewe ni huo. Nusa. Ni majivu ya Marudamalai. Sitaji mtu. Nataka tu wewe ujue."

Velusami hakunusa. Alitazama sakafu, kama kawaida yake.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilimwona. Nilikuwa navaa glavu. Alichota kwa vidole vitatu akailisha, kama mtu anavyomlisha mtoto. Nikasema, aa, chembe ya majivu itafanya nini? Alikuwa amepanda ngazi zote za kilima bila viatu kwa ajili yangu. Ningemfokea mbele ya uwanja mzima?"

"Na hospitali?" Marudan aliuliza. "Niliposimama pale kama mwizi?"

"Hospitali alikuwa ananilisha uji huku analia, anasema bila majivu yale ningekufa. Anaamini hivyo mpaka leo, shemeji. Kila Ijumaa anapanda kilima kushukuru. Ningemwambia nini?"

"Ukaniachia mimi mzigo."

"Nikakuachia wewe. Nilijua utapiga kelele miaka yote, na hutakufa. Yeye angekufa."

"Ungeniambia mimi, pembeni!"

"Wewe? Ungetangaza kwenye kipaza sauti cha hekalu, punda wewe."

Marudan alijitafakari, akaona ni kweli. Velusami alikuwa anapangusa macho kwa kiganja chenye nyuzi za nazi.

"Sijawahi kukukasirikia," alisema. "Naona haya kukutazama, basi."

Lango likalia. Pungodi aliingia, akaiona pikipiki, akasimama. Aliizunguka polepole bila kuigusa, halafu akaingia jikoni moja kwa moja, akatoka na sinia lenye bilauri mbili za kahawa zinazotoa moshi. Marudan alikuwa ameshaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

"Ndiyo yenyewe?" Pungodi aliuliza. "Kaka, uliifungua? Ulikuta nini?"

Velusami alikuwa amefumba macho. Marudan alimtazama dada yake, mvi zilizomwanzia kwenye njia ya nywele, na doa la majivu katikati ya kipaji.

"Nilibana silinda," alisema. "Watu walisema kweli. Kosa lilikuwa langu."

Pungodi aliweka sinia chini. "Lako?" alisema. "Kaka, miaka kumi na tisa nagombana na watu kwa ajili yako. Mama mkwe nilimnunia mpaka anazikwa, kwa sababu alisema umebana. Huku kwetu ni mimi peke yangu niliyekuamini."

Hilo Marudan alikuwa halijui. Lilimwingia vibaya kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mji mzima.

"Basi simama," Pungodi alimwambia. "Usikae hapo kama mgeni. Mwombe mume wangu msamaha."

Marudan alisimama. Mtu ambaye hajawahi kuomba radhi hata akikukanyaga alimwinamia shemeji yake, akamshika miguu, ule mzima na ule unaoburutwa.

"Nisamehe, Velu," alisema.

Velusami akamwinua, akamkumbatia kwa nguvu, na mabega yake yakawa yanatikisika. Pungodi aliwaacha kidogo, kisha akawaambia wanywe kahawa.