Baba Alipoweka Dau Nifungwe

Baba yangu alikuwa mpingaji, mtu wa kuwekeana dau juu ya mpira, na mimi nilikuwa nikisomea ualimu katika chuo cha misheni upande wa Kisauni. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Kanisani kwetu, kuwekeana mali juu ya mchezo kulihesabiwa sawasawa na ulevi. Kila Jumapili mama akiimba mstari wa mbele, mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Nilijua, na kanisa zima lilijua, kwamba baba saa ile alikuwa kwenye kibanda cha muuza kahawa, Changamwe, akiwaeleza wanaume wenzake ni timu gani itakayofungwa wiki ijayo.

Chuoni wenzangu wakiniuliza babako afanya kazi gani, nilisema, "Yuko reli," kisha nikageuza maneno. Na alikuwa reli kweli, akikaza misumari ya mataruma yanayobeba vyuma vya njia, juani mwaka mzima. Lakini hakuna aliyemjua kwa misumari.

Na tusidanganyane, alikuwa hodari. Hakupinga mechi za watu wazima hata siku moja. Alisema mtu mzima ana akili ya kuficha, akiumwa hakuonyeshi, akigombana na mwenziwe hakuonyeshi. Vijana wa vyuo na shule hawajui kuficha kitu. Kwa hiyo siku ya mechi alifika uwanjani mapema, akasimama kando, akawatazama wakishuka kwenye lori. Nani kashuka akicheka, nani kakaa peke yake, nani na nani hawasemezani. Halafu alitazama viatu. Wengi wetu tulikuwa watoto wa Rabai na Kaloleni, tumekua pekupeku, na viatu vya mpira tulivyovaa vilikuwa vya chuo. Ukimwona kijana anakanyagia vidole wakati wa mapumziko, baba alisema, huyo visigino vimeshachubuka, kipindi cha pili hayupo.

Tena uwanja wenyewe wa Changamwe uliinama kuelekea njia ya reli. Timu iliyopata kushambulia kuteremka kipindi cha pili, wenzao wakiwa wamechoka, ilikuwa na nusu ya ushindi mkononi. Basi baba hakufunga dau mpaka aone sarafu imerushwa na timu zimechagua magoli. Wanaopinga siku mbili kabla aliwaita wafadhili wake.

Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilishika kuliko wengine wanavyoshika ibada. Hakusema na mchezaji kabla ya mechi, hakumpa hata maji ya kunywa. Kumnunua mchezaji ni wizi, alisema, na yeye si mwizi. Ndiyo maana watu walikubali kupinga naye na kufungwa naye na bado wakamsalimu kwa heshima. Hilo jina la uaminifu ndilo pekee alilokuwa nalo duniani, maana mali hakuwa nayo.

Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha, ingawa sukari bado tuliipata kwa kugawiwa, wakati chuo chetu kilipopangiwa kucheza na chuo cha mafundi pale Changamwe. Mimi ndiye niliyekuwa kipa. Mwalimu aliniruhusu nitangulie Ijumaa nilale kwetu, nikaenda nimejaa furaha tele. Nilimkuta mama amekaa kizingitini, mikono mapajani. Cherehani yake ya mkono imefunikwa, hashoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muulize babako kesho amempinga nani."

Baba alikuwa ndani akinywa chai. Safari ile alikuwa amevunja kanuni yake mwenyewe, amepinga mapema, kwa sababu dau lilikuwa tamu mno. Mpakizi mmoja wa bandarini, Mswahili wa Mvita mwenye maneno mengi, alikuwa ameweka baiskeli yake kwamba chuo chetu kitashinda. Baiskeli yenyewe nzima, ina taa, ina kengele. Baba naye, kwa kukosa kitu cha kulingana nayo, alikuwa ameweka cherehani ya mama kwamba tutafungwa.

"Umepinga nifungwe, baba?"

"Mwanangu, mpira ni mpira."

"Nauliza, umepinga mimi nifungwe?"

Akaweka kikombe chini. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini. Tangu mtoto, nikicheza na mpira wa matambara hapo uani, nilikuwa na tabia ya kuusimika mguu wa kushoto kabla mpira haujapigwa. Mpira wa juu naufikia, wa kulia naufikia, lakini ukija chini upande wa kushoto siwezi kuukunja mguu upesi. Na mafundi walikuwa na winga wa kulia ambaye hana mpira mwingine ila huo.

"Na kwa nini hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Nilidhani utaacha mwenyewe," akasema. "Kisha ukaja ukawa kipa wa chuo, nikaona nikisema nitakuvunja moyo."

Mama akapaza sauti kutoka kizingitini. "Kumbe kuweka cherehani yangu juu ya kilema cha mwanangu ndiko kusikomvunja moyo!"

Lo! Sikuwahi kuona haya kama ile. Nilikuwa nimezoea kuona haya kwa ajili ya baba, lakini hii ilikuwa yangu mimi, ya kusomwa mwili mzima na mzazi wangu na kuonekana pungufu. Nikaapa moyoni kwamba kesho nitaudaka huo mpira hata nikivunjika mguu. Cherehani ikienda na iende, mama nitamnunulia nyingine nikipata mshahara.

Basi mechi ikachezwa. Tulikuwa sare karibu muda wote, na mipira mingi niliizuia, watu wakanipigia makofi. Mwishoni yule winga akapita pembeni, akainua kichwa, akaupiga chini chini upande wangu wa kushoto. Niliuona tangu ulipotoka mguuni. Nilijua unakoenda. Nikajirusha, na mguu, Mungu wangu, mguu ukakaa pale pale ulipokuwa. Mpira ukapita chini ya mkono wangu ukaingia polepole, wala haukuwa na nguvu.

Filimbi ilipolia nikasikia kelele kando ya uwanja. Yule mpakizi alikuwa amemkabili baba.

"Wallahi hii si haki! Mwanao ndiye kipa! Mpira ule hata bibi yangu angeuokota! Bwana we, umemtuma mtoto aachie, ule baiskeli yangu!"

Baba akatikisa kichwa kukana. Wengine wakaanza kuchekeshana, na mmoja akasema, "Kumbe ndiyo elimu yenyewe ya upingaji, kuzaa kipa!" Wakaangua kicheko. Baba akaichukua baiskeli kwa kuwa ilikuwa yake kwa makubaliano, akaisukuma hadi nyumbani wala hakuipanda.

Nyumbani hakula. Mama alikuwa ameshaokoa cherehani yake, akaifunua akaanza kushona. Baadaye baba akaniita.

"Niambie kweli, na sitakasirika. Uliuachia?"

"Baba!" Nilipandwa na hasira nusura nimtukane. "Nilishindwa! Umesikia? Nilishindwa!"

Akashusha pumzi, na uso wake ukakunjuka kabisa. Alifurahi. Nilimtazama akifurahi kwamba mwanawe hakuweza, nikatamani ardhi inimeze.

"Basi kawaambie," akasema. "Nakuomba. Mimi hawanisikii tena."

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kibandani nikiwa bado na shati la kanisani. Wote walikuwepo. Nikasimama mbele yao, mimi mwalimu mtarajiwa, nikasema kwamba sikuachia, kwamba upande wa kushoto chini sina uwezo, ni tabia ya mguu tangu utotoni.

"Ahaa," akasema mpakizi. "Na babako ndiye aliyekufundisha kusema hivyo, au umebuni mwenyewe?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo wajukuu wananijua. Nikamwambia amlete yule winga, tuende uwanjani sasa hivi, anipigie mipira upande huo huo mpaka wenyewe watosheke. Ikionekana nilishindwa kweli, baiskeli ni halali ya baba na mtu asimseme tena. Ikionekana namudu, baba atairudisha, na waseme watakalo. Mpakizi akasema, "Haya! Umesema mwenyewe, nasi sote tumesikia." Winga alikaa hapo karibu kwa shangazi yake, akaitwa akaja, anacheka.

Tulikwenda msafara mzima. Baba alifuata nyuma kwa mbali. Mama naye alikuja, bado ana kitabu cha nyimbo mkononi, akasimama na wanawake wengine kando ya reli. Sikumwalika.

Winga akapiga. Nikajirusha kwa nia yangu yote, ukapita. Akapiga tena, ukapita. Mara ya kwanza watu walicheka, wakapiga miluzi. Akapiga tena na tena, na kila mara mguu ulikuwa kama umepigiliwa chini, nami naanguka juu yake kama gunia. Shati jeupe lote likawa vumbi. Magoti yalitoka damu. Kidogo kidogo kicheko kikaisha, nikaanza kusikia wanawake wakisema, "Maskini, hebu mwacheni." Huruma ile ilinichoma kuliko kicheko. Yule winga mwenyewe alianza kupiga mipira laini, kwa kunionea imani, na hiyo laini nayo ikaingia.

Mpakizi akainua mkono. "Basi, jamani. Yatosha." Akamgeukia baba, na lazima niseme alikuwa muungwana. "Mzee, nisamehe. Nilikudhania vibaya. Kijana hajui, wallahi hajui. Baiskeli ni yako, halali kabisa."

Mambo yakawa yamekwisha. Jina la baba limerudi, baiskeli imebaki, kilichotakiwa ni mimi kunyanyuka, kujipangusa na kwenda nyumbani. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka. Baba alikuwa ameshapewa mkono.

Lakini lile neno, hajui. Lilisemwa mbele ya mama yangu, mbele ya wale wanawake, mbele ya baba aliyelijua kabla yao wote. Nikasikia damu inapanda kichwani.

"Piga tena!" nikamwambia winga.

"Yamekwisha, ndugu yangu."

"Nimesema piga! Piga ule wako wa kweli, usinionee huruma!"

Watu wakageuka. Winga akamtazama mpakizi, mpakizi akatikisa mabega. Basi kijana akaurudisha mpira nyuma, akaja mbio, akaupiga kwa nguvu zake zote, chini, kushoto, pembeni kabisa mwa mlingoti.

Nikaudaka.

Sijui nilifanyaje. Nilijikuta nimelala chini nimeukumbatia mpira kifuani. Kisha nikasikia mtu mmoja anapiga kelele, anaruka, anapiga makofi juu ya kichwa chake, kofia imemwanguka hana habari nayo.

"Kaudaka! Mmeona? Mwanangu kaudaka! Kaudaka ule wa kushoto!"

Alikuwa baba. Alikuja mbio mpaka golini, akaniinua, akanipangusa vumbi usoni kwa kiganja chake, anacheka machozi yanamtoka. Ilichukua muda kabla hajatambua kwamba hakuna mwingine anayefurahi.

Alipogeuka, mpakizi alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Hakupiga kelele safari hii. Alisema tu, "Kumbe anajua." Na wengine wakaitikia kwa kichwa, kwamba naam, anajua, ile mingine yote ilikuwa maigizo ya baba na mwana.

Ningesema nini? Kwamba nilidaka kwa bahati mbaya? Baba naye hakujitetea. Alikwenda nyumbani mwenyewe, akaitoa baiskeli, akaileta akiisukuma katikati ya watu, akamkabidhi mwenye nayo. Kofia yake aliiokota mama.

Njiani nilimwambia, "Nisamehe, baba. Ilikuwa imekwisha, mimi ndiye niliyeiharibu."

"Uliukunja mguu," akasema. "Nimeuona kwa macho yangu. Uliukunja vizuri."

Hakurudi kulisema jambo hilo. Kibandani hapakuwa tena na mtu wa kupinga naye, hata kwa kikombe cha kahawa. Akipita, walinyamaza, na vijana walimwita muuza mwana, wakihakikisha anasikia. Mama alipata alichokiomba kwa Mungu miaka yote, mume asiyepinga, na nadhani hakukifurahia sana. Mimi nilisonga mbele na masomo, na chuo kikaniacha niendelee kudaka golini.

Kila tulipocheza Changamwe baba alikuja. Hakutazama tena viatu wala lori. Alikuja moja kwa moja nyuma ya goli langu akasimama upande wa kushoto, peke yake, wanaume wengine wote wakiwa ng'ambo ya pili. Na mimi, wenzangu wa chuo wakiniuliza mzee yule ni nani, niliona haya kujibu.