Moshi wa Betri

Mume wangu na mdogo wake waliyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari kwenye kibanda chao katika soko la Gikomba. Walizivunja kwa nyundo, wakatoa vibati vya risasi vya ndani, wakavitia katika sufuria juu ya makaa. Tuliishi mtaa wa Shauri Moyo, chumba kimoja, na miaka ile ya sabini sikumsikia mtu akisema kazi hiyo ina sumu.

Kwanza mume wangu aliacha kula vizuri. Tumbo likamsokota, tukanunua dawa ya minyoo. Halafu asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya shati. Aliunyosha mkono wa kulia, kiganja kikaning'inia. Nilimfunga vifungo, akaenda kazini. Sikumbuki kama niliogopa. Nilirudi kuchambua maharagwe.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari aliona mstari wa bluu kwenye ufizi wake, akauliza anafanya kazi gani, kisha akasema risasi imeingia damuni.

Nilimuuliza kwa nini shemeji yangu, anayevuta moshi uleule, ni mzima.

Daktari alivuta kiti. Alisema kila chembe ya mwili hujitengenezea kinga yake. Risasi huziharibu chembe polepole, kama kutu inavyokula chuma. Kinga ile huizuia kutu hiyo, tena huishika risasi yenyewe ili mwili uitoe. Lakini hutumika ikaisha, na mwili hutengeneza nyingine kutokana na chakula.

"Kwa nini huyu imemwishia mapema, siwezi kusema kwa hakika," alisema. "Asubuhi anakula nini?"

"Chai ya rangi. Hali tena mpaka jioni."

Shemeji alibeba githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka kwake kila siku. Daktari alisema tumbo tupu hupokea risasi upesi zaidi. Nikamwambia basi nitampa mayai na maharagwe.

"Mpe, mama. Lakini hakuna chakula kinachoshinda moshi wa kila siku. Aache kazi hiyo."

Alilazwa, akadungwa sindano siku kadhaa ili risasi itoke kwa mkojo. Majirani walikuja wodini, wengine wakalia. Niliwashukuru, nikawa natazama miguu ya kitanda. Nilijua napaswa kuhisi kitu.

Baada ya miezi mingi kiganja kiliinuka, ingawa si kikamilifu. Hakurudi kibandani. Alianza kuuza viatu vya mitumba, akifunga kamba kwa mkono wa kushoto.

Nilienda kumweleza shemeji maneno ya daktari, yote, hata yale ya chembe. Alinisikiliza vizuri. Akasema yeye hana shida yoyote, akainama kupuliza makaa.

Mwaka uliofuata mke wa shemeji aligonga mlango wangu. Alisema mumewe ameshindwa kushika nyundo, akaniuliza hospitali ile iko wapi. Nilivaa viatu, nikawapeleka.