Mkono wa Muteti

Nasike alihisi vidole vyake vikikaza bila yeye kuviamuru. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya benchi, gazeti lililoloweshwa maji la kulainishia kioo cha moto mkononi, akimtazama Fundi Muteti akizungusha bomba refu la chuma lenye donge la kioo cha moto kwenye ncha yake. Hakuna kosa lililoonekana. Bomba lilizunguka, donge lilikaa sawa, na Muteti mwenyewe alikuwa ametulia kama siku zote. Lakini mkono wa kushoto wa Nasike ulikuwa umefumba ngumi, kama wa mtu anayezuia kitu kisimponyoke.

Karakana yao iko nje ya Kitengela, upande ambao lami imekwisha na ng'ombe wa majirani hupita mbele ya lango asubuhi. Huyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kutengeneza bilauri, mitungi na taa. Nasike alikuja huku kutoka Bungoma akimfuata mumewe aliyepata kazi Athi River. Alianza kwa kufagia vigae vya kioo. Ni Muteti aliyempa bomba siku moja na kumwambia, "Puliza, usiogope." Tangu hapo walifanya kazi pamoja miaka mingi, na wakiwa mbele ya tanuri hawakuongea. Kioo cha moto hakingojei maneno. Bega la Muteti likishuka kidogo, Nasike alijua anataka koleo. Akivuta pumzi, Nasike alikuwa tayari ameinama kupuliza upande wa pili wa bomba.

Sasa kwa wiki nzima mwili wake ulikuwa ukimpa habari asiyoielewa.

"Fundi," alisema walipopumzika kunywa chai, "mkono uko sawa?"

"Mkono wa nani?"

"Wako. Huu wa kushoto."

Muteti aliuficha chini ya aproni. "Mama Shirleen, mimi niko na kazi. Wacha kunihesabia vidole."

Nasike angenyamaza hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini hofu ilikuwa imemjaa, na hofu ikatafuta sababu iliyo karibu. "Ama umeonja kitu asubuhi?"

Muteti alikuwa mzee wa kanisa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona hata karibu na baa. Aliweka kikombe chini polepole, akamtazama Nasike kama mgeni. "Mimi?" aliuliza. "Miaka yote hii, Mama Shirleen?"

Hakumsemesha tena. Waliendelea kufanya kazi, na kimya kile ambacho zamani kilikuwa maelewano kikageuka ukuta.

Wamaitha, mwenye karakana, alikuwa amepata oda kubwa ya taa za hoteli moja karibu na Kimana. Ijumaa angekuja kupiga video ya taa ya kwanza ikitengenezwa, awatumie wateja. Mara mbili Nasike alifika hadi mlango wa ofisi yake akarudi. Angemwambia nini? Kwamba mkono wake yeye ndio unaoogopa? Na kama Muteti angesimamishwa kazi kwa ajili ya hisia tu, angemtazama vipi mkewe kanisani?

Ijumaa ikafika. Taa ilihitaji donge kubwa, na donge kubwa likishapulizwa lazima lirefushwe. Muteti alipanda kwenye jukwaa la mbao, akashika bomba kwa mikono miwili kichwa cha kioo kikielekea chini, akaanza kulibembeza polepole, kushoto, kulia. Kioo kilining'inia chekundu, kikirefuka kwa uzito wake. Nasike alisimama kando yake akiwa na koleo. Chini, Wamaitha alisogea na simu yake ili picha itokee vizuri.

"Mama, rudi nyuma," Nasike alimwambia.

"Kidogo tu, inatoka vizuri!"

Bomba lilikwenda kulia. Likarudi kushoto. Na kabla mkono wa Muteti haujafanya lolote, wa Nasike ulifunguka wenyewe na koleo likaanguka. Alisikia ubaridi ukishuka kutoka begani hadi vidoleni, ubaridi usiokuwa wake. Hakungoja kuelewa. Aliruka na kulidaka bomba chini ya mikono ya Muteti, pale ambapo chuma kinaunguza, na katika dakika ileile vidole vya Muteti vikaachia.

Uzito wote ulimjia. Alipiga kelele, lakini hakuachia. Alilivuta bomba upande wa ukuta na kulitupa huko, mbali na Wamaitha. Kioo kilipasuka sakafuni kwa mlio wa risasi, cheche zikaruka hadi mlangoni.

Muteti alibaki amesimama, mkono wa kushoto ukining'inia kama wa koti tupu. "Kwa nini umeni…" alianza. Neno halikumalizika. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

"Leta gari!" Nasike alimpigia Wamaitha kelele. "Si moto, ni yeye! Leta gari!"

Kilikuwa kiharusi. Daktari alisema kilikuwa kimebisha hodi kabla: ganzi za muda mfupi, vidole kulegea na kurudi. Muteti alizihisi zote na hakumwambia mtu, hata mkewe. Viganja vya Nasike vilifungwa bandeji, na ngozi ya kimoja haikurudi kuwa laini.

Baadaye Muteti alihamia kwa dada yake Kajiado, karibu na kliniki ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu wake aliitwa Naisenya, mwanamke mrefu asiye na haraka. Ndiye aliyemwita Nasike.

"Sopa, mama," alimsalimu kwa Kimaasai. "Nataka ukae mbele yake ufanye kazi yenu. Zungusha fimbo hii kama bomba. Yeye aangalie, halafu ajaribu."

"Kuangalia kutamsaidia nini?"

"Kuna chembe za ubongo zinaitwa neva kioo. Ziligunduliwa kwa tumbili. Tumbili akiokota karanga, zinaamka. Akimwona mwingine akiokota, zinaamka vilevile, ingawa yeye hajasogea. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana zinafanya kazi kiasi gani. Lakini inaonekana ukiona mtu akifanya kitu unachokijua mwilini, ubongo wako unakifanya pia, kimyakimya. Kwake tunatafuta hiyo njia."

Nasike alitazama viganja vyake. "Kwa hivyo ile siku…"

"Umezungusha bomba miaka mingi. Mwenzako akilizungusha vibaya, unajua kabla ya mtu mwingine."

"Basi mbona nilidhani amelewa?"

Naisenya alitikisa kichwa. "Chembe hizo zinakuonyesha mkono unafanya nini. Kwa nini unafanya hivyo, hapo ni kuuliza."

"Niliuliza."

"Uliuliza…" Muteti alisema kutoka kitini, ulimi mzito, "…kama polisi."

"Nisamehe, Fundi."

Muteti aliinua kidevu kuelekea fimbo, yaani, anza. Nasike akazungusha. Muteti akatazama hadi jasho likamtoka. Mkono wake ulilala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Siku hiyo hakuna kilichosogea, wala mara iliyofuata. Wakati mmoja Muteti aliipiga fimbo teke na kumfukuza, na Nasike alilia kwenye kituo cha basi. Lakini alirudi, na siku moja kidole gumba kikajikunja. Wote wawili walikitazama bila kupumua.

Mwaka ulipokaribia kwisha Muteti alirudi karakana. Taa sasa zilikuwa kazi ya Nasike. Muteti alikuja kujaribu bilauri moja tu. Nasike alivuta kigoda chake.

"Hapana," Muteti alisema. "Ukiniangalia, naona uso wako unaanguka kabla ya kioo. Toka nje."

Alitoka. Alisimama nyuma ya ukuta wa mabati, hana la kuona. Alisikia mlango wa tanuri, kisha bomba likigonga benchi, kisha kimya kirefu kilichomfanya aume kitambaa cha kichwa. Mikono yake haikumwambia kitu. Ilibidi angoje kama mtu yeyote.

"Ingia!"

Bilauri ilikuwa nene upande mmoja, mdomo umepinda.

"Ni mbaya," Muteti alisema.

"Mbaya sana," Nasike alikubali, akamfungulia tanuri la kupoozea kioo polepole kisipasuke, aiweke mwenyewe.