Besi ya Chenge na Usingizi wa Pius

Bibi Moza alivumisha Buzuruga nzima kwamba Chenge kaficha mashine ya kukoboa mahindi chumbani. Selina, jirani wa ukuta mmoja, alijua ni gitaa la besi. Bendi ya Chenge ilitaka sauti ikwaruze bila kupoteza uzito, la sivyo kwenye harusi ya Jumamosi kule Usagara angepiga mwingine. Lakini kila Chenge alipozidisha mkwaruzo, besi ilikonda, na Pius, mtoto wa Selina aliyezoea kubembelezwa na mngurumo wa ukuta, akaanza kulia mgongoni mwa mama yake.

Ijumaa Chenge aliazima amplifaya ya pili: moja ikwaruze, nyingine ipige safi, zote kwa pamoja. Ukuta ukanguruma, Pius akanyamaza.

"Mama Pius, kalala?" Chenge aliuliza dirishani.

"Fofofo!"

"Basi imekubali! Nakuomba kesho ukae naye mbele ya jukwaa. Akilia tu, nipungie mkono."